Kabati la idara na ile miezi 12

Jumamosi iliyopita tulibaki shuleni kusafisha kabati la idara ya Kiswahili, mimi na mwalimu mwenzangu mmoja, na jamani yaliyokuwa mle ndani ni fotokopi juu ya fotokopi. Hadithi nzima nzima kutoka diwani za seti buku, yaani vitabu teule vya mtihani, zilizobadilishwa zamani, tamthilia imebanwa kurasa mbili kwa karatasi moja mpaka maandishi yamekuwa kama sisimizi, miongozo ya kila aina, zingine zishageuka rangi ya chai ya maziwa na panya washakula pembe. Mwenzangu akaniuliza, "Mwalimu, hizi tutupe ama tuweke, si zaweza kusaidia mbeleni?" Nikamwambia kwa sheria ya nchi hii zilitakiwa ziwe zishaharibiwa kitambo. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha.

Si mzaha wallahi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yampa mwenye kazi haki ya kusema nani anakili na nani asinakili, lakini shule imeachiwa mlango. Shule iliyosajiliwa yaweza kutumia kazi ya mtu kwa masomo yake yenyewe, ila mkitoa nakala, nakala hiyo iharibiwe kabla ya muda uliowekwa kwisha, na kama hakuna muda uliowekwa basi kabla ya miezi 12 tangu ilipotolewa. Mi nilikuwa na bando la 2016 mkononi, limefungwa na kamba ya kiatu.

Walimu wengi twajua upande mmoja tu. Kuna wale wa "ni ya masomo, hakuna shida" na kuna wale waoga ambao hata shairi la beti nne hawatoi nakala, wanaliandika ubaoni mpaka kipindi kinaisha. Wote wawili hawajasoma. Mfano ukitaka kutengeneza mkusanyiko wa vifungu kwa ajili ya shule, sheria yaruhusu vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, na useme umetoa wapi na kaandika nani. Vipindi vya redio vya masomo pia, mkivirekodi mkaja kuwachezea wanafunzi darasani kama sehemu ya mafunzo hamjaiba kitu. Na mashairi ya Muyaka ndo usiogope kabisa, mzee alifariki 1840 na hakimiliki hapa hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, hata Shaaban Robert aliyefariki 1962 muda wake hapa kwetu ulishakwisha. Angalia tu usinakili maelezo na utangulizi wa mhariri wa juzi ukadhani nayo ni ya Muyaka.

Sasa niseme tulipokosea sisi, maana lile bando la 2016 si la bure bure. Darasa lilikuwa na wanafunzi 54 na vitabu tisa, wengine wamekivunja kitabu katikati wakagawana kama mkate. Tukachukua kitabu kizima, jalada hadi jalada, tukakipitisha kwenye riso, ile mashine ya kuchapa nakala nyingi, usiku, asubuhi kila mtoto akaambiwa alete shilingi 80 za karatasi. Karatasi na wino hazikufika hata nusu ya hiyo pesa, ile iliyobaki ikanunua chai ya idara. Mimi nilikunywa ile chai. Wakati ule niliona tumewasaidia watoto, na kweli walisoma, lakini kitabu kizima ukikiuza hapo umetoka darasani umefungua duka, na mlango ule wa sheria haukuwekwa kwa ajili ya duka. Kuna KOPIKEN ambayo kazi yake ni kutoa leseni za kunakili na kukusanya malipo kwa niaba ya waandishi na wachapishaji, sisi hata hatukuuliza.

Najua kuna mtu ataniletea ile kesi ya Delhi. Ni kesi tamu nakubali, mwaka 2012 wachapishaji wakubwa watatu, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walikishtaki kibanda cha fotokopi cha Rameshwari kilichokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi kwa kutengeneza mabunda ya masomo, yaani sura kutoka kitabu hiki na sura kutoka kile kulingana na silabasi. Septemba 2016 mahakama kuu ikaitupa kesi, jaji akisema hakimiliki si haki iliyoshuka kutoka mbinguni, na Machi 2017 wachapishaji wakajitoa. Lakini ile ni sheria ya India, yao yaruhusu mwalimu kunakili katika kufundisha kwa maneno yao wenyewe, huwezi kwenda nayo mahakamani Malindi ukaikunjua mezani kama leso. Na hata kule walikuwa wanatoa sura sura, si kitabu kizima.

Kilichonibadilisha mimi hata si sheria. Mwaka jana mwanafunzi alinionyesha PDF ya maswali ya marudio, kainunua shilingi 200 kwenye grupu la WhatsApp, imepigwa mhuri wa mtu nisiyemjua kila ukurasa. Nikaanza kusoma, nikafika swali la 14: "Taja sifa tatu za mhuiska." Mhuiska! Hilo kosa ni langu, nimelichapa mimi saa sita za usiku stima ikienda ikirudi. Jina langu walilifuta, kosa wakaliacha. Nilikasirika siku mbili nzima, ya tatu nikakumbuka ile chai.

Basi kabati tumelimaliza. Mwenzangu akasema kuchoma ni moshi mtupu, akapeleka mzigo wote kwa mama anayeuza viazi karai pale getini, akashukuru kweli kweli. Jumatatu jioni nikanunua vya shilingi 30, akanifungia kwa ukurasa wa ile hadithi ya 2016. Nikasimama pale nala huku nasoma, mafuta yashaanza kupenya maneno, nikafika pale mkwe anabisha hodi usiku na taa imezimwa, na ukurasa ukaishia hapo. Ukurasa unaofuata ulikuwa umeondoka na mteja mwingine.