Huko kwenu nazi bei gani?

Nimerudi tangu Jumatano na begi bado sijalifungua. Liko chini ya meza ya kukatia, na mama kila akipita hulisukuma kidogo kwa mkongojo, kama anayeuliza lina nini. Lina uyoga mkavu, kitenge chake yeye mama, na kofia ya shemeji ambayo sijui iliingiaje humo. Nguo zingine ni zangu na zinanuka moshi wa mkaa wa Mpika, kwa mdogo wangu Zambia. Nimeliacha kwa sababu kuna neno moja la safari ile bado linanizunguka kichwani. Nimeshona nalo, nimepika nalo, na jana kanisani niliimba nalo zaburi nzima bila kusikia ninachoimba.

Mnajua nilivyojiandaa kwenda kwa mdogo wangu Krismasi hii, maana tangu Novemba sina habari nyingine ninayowaandikia. Aliniomba mwenyewe: "Dada, usilete nguo, usilete chochote. Niletee nazi." Mpika iko nyanda za juu, kaskazini mwa Zambia, mnazi haupo. Basi nikaenda soko la Mgandini, hapa Tanga, nikachagua nazi ishirini, moja moja, kila moja naitikisa sikioni nisikie maji. Zimefuliwa vizuri, nikazipanga kwenye kiroba, nikakishona mdomo kwa uzi wa gunia. Kutoka stendi ya Kange hadi Dar nimekipakata magoti karibu njia nzima kwa sababu konda alitaka kukitupa kwenye buti pamoja na ndoo za watu.

Kesho yake alasiri nikapanda treni ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia. Chumba cha vitanda sita, wanawake watupu, watatu wao wafanyabiashara wa Tunduma wanaojuana na kila muuza chai wa kila stesheni. Kiroba nilikiweka chini ya kitanda changu cha chini. Usiku treni ikiyumba nazi zilikuwa zikigongana, na mama mmoja akaniuliza umebeba vichwa vya watu? Tukacheka hadi Mlimba. Mpakani huteremki: maofisa wa uhamiaji wanapanda, wanagonga muhuri upande wa Tunduma, halafu wa Nakonde, upande wa Zambia, nao wanapanda, na katikati yao wabadilisha fedha na mabunda yao ya kwacha. Saa yako unairudisha nyuma saa moja. Nilifika Mpika usiku, mvua inanyesha, mdogo wangu amesimama chini ya mwavuli mmoja na watoto wote watatu, na shemeji akakitupa kiroba begani kama hakina kitu.

Sasa asubuhi yake. Tuko jikoni, yeye na mimi tu, watoto bado wamelala. Akakata uzi wa kiroba, akatoa nazi moja, akaivunja kwa mgongo wa panga, akanywa maji yake papo hapo amesimama, kidevu juu, kama tulivyokuwa tukinyang'anyana uani kwa bibi. Nilifurahi hadi nikaona haya. Akaketi juu ya mbuzi, ile ile aliyopewa na mama siku ya kumuaga, akaanza kukuna. Bila kuinua kichwa akasema:

"Dada, huko kwenu nazi siku hizi bei gani?"

"Elfu moja na mia mbili," nikamjibu. "Mgandini. Ndogondogo unapata kwa mia nane."

"Zimepanda!" akasema, akaendelea kukuna.

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Mwingine angesema hakuna lililotokea.

Huko kwenu. Hakusema huko kwetu, hakusema nyumbani, hakusema hata Tanga. Huyu ni mtu ambaye kitovu chake kimezikwa chini ya mwembe wa bibi huko Muheza, hatua nne kutoka kilipozikwa changu. Tumelala kitanda kimoja barabara ya kumi na mbili mpaka mimi nilipoanza kidato. Nimejaribu kulisema lile neno mwenyewe, peke yangu, kwa sauti yake, nisikie kama kuna kitu ndani. Ningepata kijembe ningelala vizuri. Kijembe kina mpini, unakishika unakirudisha kwa mwenyewe, na sisi wa Tanga tumelelewa na vijembe. Lile halikuwa na ubaya wowote. Alilitamka kama mtu anavyotaja siku ya wiki, na ndiyo maana limenikaa.

Mengine ya wiki ile nitayaeleza siku nyingine: mdogo wangu ni mjamzito wa miezi mitano, shemeji amepandishwa cheo, na kesi ya shamba la Muheza imekwisha na tumeshinda, niliipata habari hiyo kwa simu nikiwa namenya viazi.

Siku ya pili ya Krismasi shemeji alinitembeza mpaka karibu na karakana za reli. Anaipenda reli ile kama mtu anavyompenda baba yake. Akanihesabia: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Wachina na watu wetu walianza kujenga mwaka 1970, ikakabidhiwa 1976. Nikamwambia na mimi ni mjukuu wa reli. Babu alikuwa stesheni ya Tanga enzi za reli ya Afrika Mashariki, na mama alipokuwa mdogo walikwenda Mombasa kwa shangazi yake kula Krismasi kwa treni, wakizunguka Korogwe, Same, Kahe, Taveta, hadi Voi ndipo wanashuka pwani tena. Ukiitazama ramani utadhani wamepotea, Tanga na Mombasa ni majirani. Lakini ndiko njia ilikokwenda. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na yule shangazi alipokuja tena Tanga, mama anasema alikaa ukumbini kwenye kiti cha wageni, akawa anaomba maji badala ya kwenda mtungini mwenyewe.

Shemeji akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Reli yetu ya Tanga, ile ya Wajerumani, upana wake ni mita moja kamili. Yao ni milimita 1,067. Kwa hiyo behewa la Tanga haliwezi kupita Mpika hata likiburutwa. Milimita 67, akanionyesha kwa vidole, hazijai kiganja. Nikatazama vidole vyake, nikawaza t ya kwetu na n ya kwenu.

Wiki nzima nilikuwa namsikiliza mdogo wangu kama mpelelezi. Akizungumza na watoto ni Kibemba, nami wananiita mayo, sawa na wanavyomwita yeye, na hilo lilinifurahisha. Akizungumza na mimi nahesabu. Alisema "kule" mara nyingi. Alisema "pwani". Usiku wa kuondoka, stesheni, akanikumbatia na lile tumbo lake katikati yetu, akasema, "Ukifika nyumbani nipigie." Nyumbani. Nikapanda na neno hilo jipya, nikalala nalo kitandani: nyumbani kwa nani? Mimi tu, au sisi sote?

Siku iliyofuata, tumeshavuka mpaka na Mbeya tumeiacha, treni ikasimama Makambako jua linazama. Mtandao ulikuwa mzuri. Kwa kuwa nilimkumbuka tayari, nikafungua simu nisikilize ujumbe wake wa sauti wa zamani, nione alianza lini kusema hivyo. Kumbe ukishuka kuzifuata zake, zangu nazo zinajifungua. Nikajisikia mimi.

"Huko kwenu mvua zimeanza?"

"Huko kwenu mnakula nini pasaka?"

"Watoto wa huko kwenu wana heshima kweli?" Hiyo nilikuwa nacheka.

Niliendelea kushuka. Nikafika mwezi wa msiba wa baba. Nakumbuka nilivyorekodi ile, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, watu wamejaa uani, turubai linafungwa. Sauti yangu imekauka. "Mdogo wangu, usihangaike na nauli, safari ni siku mbili na mazishi ni kesho. Wewe tulia tu huko kwenu. Sisi wenyewe tutamzika."

Sisi wenyewe. Nilisema kwa huruma, Mungu anajua. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Jibu lake liko pale chini yake, sekunde mbili tu: "Haya, dada."

Nimewaandikia mengi juu ya msiba ule. Niliwaandikia habari ya jeneza, ya mvua, ya wale waliokula pilau wakaondoka bila kuaga. Sekunde zile mbili sikuwahi kuziandika, kwa sababu nilizisikia mara moja tu nikaendelea na shughuli.

Baada ya Makambako reli inashuka kwenye mahandaki kuelekea Mlimba, na simu haishiki. Giza nje, na kila tukiingia handaki giza linazidi kuwa giza, na sauti ya magurudumu inakurudia usoni. Nilikuwa nimejifunika khanga kichwani. Mama mmoja wa kitanda cha juu akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana.

Alfajiri mtandao uliporudi nilirekodi mara nne nikafuta mara nne. Nilitaka kuomba msamaha, lakini unamwombaje mtu msamaha kwa jambo ambalo labda yeye amekwishalisamehe, ukamfufulia? Mwisho nikamwambia hivi tu: "Nazi zilizobaki usiziweke juani, zitapasuka. Ziweke chini ya kitanda." Nikatuma.

Mchana, nimeshafika Dar, akaniletea picha. Haina neno hata moja. Sufuria ya wali wa nazi imelazwa sakafuni, imeisha, na mwanawe wa mwisho, mwanangu, ameingiza mkono hadi kwenye kiwiko anakwangua ukoko, shavu zima limejaa wali. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipigania ukoko, yeye na mimi, na baba akisema mwenye kukwangua ukoko siku ya harusi yake mvua itanyesha. Nimeiangalia picha ile kwenye basi kutoka Dar hadi Segera, betri ikaisha.

Mama aliponipokea neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwenzio anakuja lini kwao?"

"Akishajifungua," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kupapasa begi.

Na shule zinafunguliwa wiki ijayo. Sketi arobaini za wale watoto wa msingi, nimeshakata ishirini na mbili kwenye jora la zamani, na jora jipya nililoletewa nikiwa safarini linanitia wasiwasi. Ndani ya duka yote ni bluu ile ile. Nikiyatoa mlangoni juani, hili jipya limepauka kidogo. Nimemwita jirani atazame, anasema haoni tofauti. Mimi naiona.