Ukienda Kituoni, Usiende Peke Yako

Watu wakisikia ninatetea manusura wa dhuluma za nyumbani hudhani mimi ni wakili. Sina shahada ya sheria. Nilipata mafunzo ya msaidizi wa kisheria, yale ya kujua sheria za msingi na taratibu za polisi na korti, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusindikiza. Ninaenda na mtu hospitalini, kituoni na kortini, ninakaa naye kwenye benchi mpaka jambo lake lishughulikiwe. Ukiniuliza ni nini kimewasaidia wanawake wengi zaidi tangu nianze kazi hii huku Embakasi, Nairobi, nitakwambia ni huko kukaa kwenye benchi.

Nilianzia kwenye kibanda cha M-Pesa, mtaa wa Pipeline. Anayeijua Pipeline anajua maghorofa yalivyobanana, vyumba vya chini vinawasha taa hata saa sita mchana, na ukuta kati ya jirani na jirani hauzuii sauti. Wakala wa M-Pesa huona mengi. Walikuja wanawake kutoa pesa huku mume amesimama nyuma akikodolea macho skrini ya simu. Wengine waliniomba niwawekee akiba yao, mia mbili leo, mia tatu kesho, kwa sababu simu zao zilikaguliwa kila jioni na kila shilingi ikaulizwa imetoka wapi. Baadaye, nilipoisoma mafunzoni Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, nilikuwa nikiona nyuso za wateja wangu. Sheria hiyo haizungumzii ngumi na mateke tu. Kunyimwa pesa, kutishwa, kufuatwafuatwa na kudhalilishwa, yote imeyataja kuwa ni dhuluma.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya walio kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kutendewa ukatili wa kimwili tangu wafike miaka 15. Ni kama mmoja kwa kila watatu. Panda ngazi za ploti yoyote ukiwa na hesabu hiyo kichwani, uhesabu milango.

Nitaeleza kazi yenyewe kupitia mama mmoja, bila jina wala chochote cha kumtambulisha. Alinijia asubuhi, leso imefunika shingo ingawa kulikuwa na joto. Alisema mume wake "alimgusa kidogo." Mtu akianza hivyo simkatizi na simwambii la kufanya. Ninamuuliza kwanza kama watoto wako salama na kama huyo mtu anajua alipo sasa hivi. Halafu ninauliza swali ambalo nimejifunza kutoliacha hata siku moja: "Alikukaba koo?"

Wengi hawalitaji wenyewe, kwa sababu kukabwa mara nyingi hakuachi alama. Mtu aliyepasuliwa mdomo huonekana ameumia zaidi, lakini mwanamume anayemkaba mkewe ameshaonyesha kwamba anaweza kumuua, na wanaofanya kazi hii kote duniani wanaitambua ishara hiyo kuwa miongoni mwa zile za hatari kubwa. Kwa hiyo ninauliza polepole. Sauti imebadilika? Unapomeza mate unaumwa? Uliona giza? Ulijikojolea? Swali la mwisho linawatia aibu, ndiyo maana ninalisema kwa upole na kueleza kwamba mwili ukikosa hewa hauna hiari. Yule mama aliinamisha kichwa, akasema ndiyo. Hapo nilijua kwamba usiku ule hapaswi kulala kwenye nyumba ile, na nilimwambia ninavyoona, bila kumwamulia.

Tulianza na hospitali. Watu wengi wanaamini kwamba ni lazima upitie polisi ndipo daktari akuguse, na imani hiyo imewacheleweshea wengi matibabu. Mtu aliyeumizwa hutibiwa kwanza. Kwa aliyebakwa, hata kama ni na mume wake, saa ndizo zinazoamua mambo: dawa za kuzuia virusi vya HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge na asifue nguo alizokuwa amevaa. Nguo zenyewe hazitiwi kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu unyevu huziharibu na ushahidi ukapotea. Zinatiwa kwenye karatasi, na mimi hutembea na bahasha za kaki kwenye mkoba wangu.

Mbele ya daktari kazi yangu ni ndogo lakini ina uzito. Ninamkumbusha mama aonyeshe yote, hata yaliyo chini ya nguo, hata ya zamani, hata sikio ambalo halisikii vizuri tangu mwaka jana. Fomu ya P3 ambayo itatumika kortini ina sehemu inayojazwa na polisi na sehemu inayojazwa na daktari, na daktari ndiye anayeandika kiwango cha majeraha. Shambulio la kusababisha madhara mwilini lina kifungo cha hadi miaka 5. Madhara makubwa yanaweza kufikia kifungo cha maisha. Kesi nzima inaweza kuegemea alichokisema au alichokinyamazia mgonjwa katika dakika zile chache, akiwa amechoka na anataka tu kwenda nyumbani.

Picha tulipiga juu ya paa, pale nguo zinapoanikwa, maana ndani ya nyumba za Pipeline picha ya jeraha hutoka nyeusi tupu. Tukarudia siku chache baadaye, wakati michubuko imeiva. Michubuko ya siku ya kwanza hudanganya.

Kisha kituoni. Kituo sitakitaja. Afisa aliyekuwa kwenye meza ya mapokezi alimtazama yule mama, akanitazama mimi, akasema, "Mama, si haya mambo mngeongea tu nyumbani na mzee?" Nimesikia maneno hayo mara nyingi, na nimewaona wanawake wakigeuka na kuondoka palepale, ingawa ilishawachukua miezi kupata nguvu ya kufika pale. Sikugombana naye. Nikamwambia, "Afande, tunaomba iandikwe kwenye OB, na tunaomba kuongea na afisa wa dawati la jinsia. Mama angependa kuandikisha taarifa kwa afisa wa kike." OB ni daftari la matukio la kituo, na dawati la jinsia ndilo linaloshughulikia dhuluma kama hizi. Hayo yote ni haki yake kisheria, na ukiyaomba kwa adabu na kwa jina lake huwa magumu kukataliwa. Tulingoja sana. Lakini tulitoka na namba ya OB imeandikwa kwenye kijikaratasi, na hiyo namba ndiyo mlango wa kila kitu kinachofuata. Bila namba hakuna P3, na wiki ijayo ukirudi utaambiwa hakuna anayekumbuka habari zako.

Niseme wazi: nimekutana pia na maafisa wa dawati la jinsia wanaoifanya kazi hii kwa moyo wote, wanaotoa nauli mfukoni mwao. Ninaomba namba zao na kuzitunza. Mtetezi asiye na watu ndani ya kituo, ndani ya hospitali na kwenye masijala ya korti atazunguka tu.

Kuondoka nyumbani ni jambo linalopangwa, kwa sababu kipindi cha kuondoka ndicho hatari kuliko vyote. Mwanamume anayetawala kwa mabavu akihisi anaachwa, ndipo hufanya makubwa. Kwa mama ambaye hayuko tayari kuondoka leo, tunaandaa kidogo kidogo. Namba yangu kwenye simu yake ina jina la fundi wa cherehani. Nakala za kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto zinawekwa kwa mtu anayemwamini, na si lazima awe ndugu, maana ndugu wengine ndio wanaomrudisha. Anabadilisha PIN ya M-Pesa. Tunaangalia kama simu yake inaonyesha mahali alipo. Watoto wanafundishwa mlango wa jirani wa kukimbilia. Na wakati kelele zimeanza anajiepusha na jikoni, penye visu na maji moto, ingawa katika chumba kimoja jikoni ni pazia tu, na ninapolisema hilo ninajua ninaomba jambo gumu.

Yule mama alikuwa tayari. Kilichotukwamisha ni mahali. Nyumba salama za Nairobi nyingi zinaendeshwa na mashirika, nafasi ni chache, na nyingine hazipokei mvulana aliyeshabalehe. Mwanawe mkubwa alikuwa kidato cha kwanza. Nilipiga simu mpaka chaji ikaisha nikaomba ya jirani. Kuna walioniambia waziwazi: mama na mtoto wa kike waje, mvulana atafutiwe kwa kwingine. Ninaelewa sababu yao, wanawalinda waliomo ndani. Lakini nilimwona mama yule akimtazama kijana wake, ambaye usiku ule ndiye aliyemvuta baba yake mkono, na nilijua hatakubali kumwacha. Hakukubali. Hatimaye kikundi kimoja cha kanisa kiliwakodishia chumba mtaa mwingine. Hili linaniuma kuliko lolote katika kazi hii. Jiji la mamilioni ya watu kumtegemea mfadhili na kanisa ili mama alale salama na wanawe wote, hapana. Nyumba hizo zinafaa kuwa za umma, kwa pesa za kodi, katika kila eneobunge.

Amri ya ulinzi tuliiomba kwa hakimu. Wengi hawajui kwamba ipo, na kwamba huhitaji kuwa umefungua kesi ya jinai ili uipate. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda bila kumsikiliza mwanamume kwanza, akiona kwamba kuchelewa kutaleta madhara, halafu wote wawili wakasikilizwa baadaye. Amri inaweza kumkataza asikaribie nyumbani, kazini wala shuleni kwa watoto. Tulipoipata, yule mama alitaka kuikunja na kuiweka kwenye mkoba. Nikamwambia bado. Tulihakikisha mume amekabidhiwa rasmi, tukapeleka nakala kituoni na kuona imepokelewa na kugongwa muhuri, nakala nyingine kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa mwajiri wa mama. Amri ambayo askari wa zamu hana habari nayo haitamsaidia mtu saa nane za usiku.

Wazee walikuja, kama wanavyokuja daima. Shemeji, mjomba na mchungaji. Waliongea vizuri, walileta sukari na unga, wakasema kijana amejuta na kesi iondolewe ili aendelee kulipa karo. Sikuingilia, kwa sababu uamuzi ni wake. Kabla hawajafika nilikuwa nimekaa naye na daftari, tukapiga hesabu ya kodi, chakula, karo na nauli, na ya anachopata kwa kusuka nywele. Pengo lilikuwa kubwa, lakini lilikuwa na ukubwa unaojulikana. Nimeona wanawake wakiondoa kesi kwa njaa, na siwezi kumlaumu hata mmoja wao. Yeye aliwaambia wazee, "Nawaheshimu sana, lakini karo anadaiwa kama baba, kesi iwepo isiwepo." Ni kweli. Sheria ya Watoto ya 2022 inawapa wazazi wote wawili jukumu la kumtunza mtoto.

Wanaume pia huja, wachache, na huja wamechelewa kwa sababu ya kuogopa kuchekwa. Utaratibu ni uleule, sheria ni ileile.

Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Nilikuwepo. Kilichonigusa ni wangapi karibu yangu walikuwa wamebeba picha ya mtu waliyemjua, dada au rafiki wa darasa moja, na mazungumzo yao mengi yalikuwa yaleyale: alikuwa amesema, tulikuwa tunasikia.

Kesi ya yule mama bado iko kortini na imeahirishwa mara kadhaa. Kila ikiahirishwa ninampigia simu jioni, kwa sababu siku hizo ndizo anazotaka kuacha. Jirani wa ukuta wa pili, kijana anayefanya kazi kiwandani, Industrial Area, amekubali kutoa ushahidi wa aliyoyasikia. Aliniuliza kama mume atajua yeye ni nani. Nikamjibu ukweli, kwamba atamwona kizimbani. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimwandikie tarehe ya kusikizwa ili aombe ruhusa kazini mapema. Nimemwandikia, na siku hiyo nitaenda naye.