Ndala mikononi

Leo jioni nimeshuka ufukweni Raskazone, hapa Tanga, kupunga upepo. Maji yamekupwa, mchanga mgumu kama sakafu.

Watoto wanashindana mbio. Binti mmoja, ndala kazivaa mikononi, kawaacha wavulana wote. Nikamwita.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Shuleni unakimbia?"

"Tulikimbia mara moja, nikiwa la tatu."

Sasa yuko la sita.

Jamani, moyo umeniuma.

India ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Olimpiki ya Paris 2024 walipata medali 6, dhahabu hakuna. Saint Lucia, kisiwa cha Karibi, hawafiki hata laki mbili, lakini Julien Alfred kashinda mita 100!

Na sisi Watanzania? Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Medali zetu za Olimpiki ni 2 tu, zote fedha, Moscow 1980: wanariadha Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

Tuna watu, ndiyo. Ila mtoto asiyepimwa muda, asiye na mwalimu wala mashindano, nani atamjua?

Nimeondoka maji yakianza kujaa. Nyayo zake bado zilikuwepo mchangani, vidole vimezama, kisigino hata hakijagusa.

Wana Tanga, nani anamfahamu mwalimu wa riadha anayepokea watoto? Niandikieni hapa, kesho narudi kumtafuta mama wa yule binti.