Kumtafsiri Jackie Kay: sehemu ya kwanza imeisha

Jamani nimemaliza kutafsiri sehemu ya kwanza ya The Adoption Papers, kitabu cha mashairi cha Jackie Kay kuhusu mtoto aliyelewa na mama asiyemzaa, ile sehemu inayosimulia 1961 mpaka 1962! Ni ya kusomeana nyumbani tu, sichapishi, kitabu kina mwenyewe.

Kwa ambao hamumjui, Jackie Kay ni Mskoti, kazaliwa Edinburgh 1961, mama Mskoti baba Mnigeria, akachukuliwa na kulelewa na Helen na John Kay wa Glasgow. Makazi yake yamekuwa Manchester, huko Uingereza, na bado Waskoti wakamfanya malenga wa taifa lao 2016 mpaka 2021. Kitabu hiki cha 1991 ndo kilimtoa.

Kuna sauti tatu, binti, mama aliyemlea na mama aliyemzaa, na kila mmoja ana herufi zake za chapa, binti Palatino, mlezi Gill, mzazi Bodoni. Mi naandika kwenye daftari, kwa hiyo nimenunua kalamu tatu, bluu ya binti, nyeusi ya mlezi, nyekundu ya mzazi. Mwanzoni nilijaza "mama mlezi" na "mama mzazi" kila mstari, ikasomeka kama fomu ya ustawi wa jamii, nikafuta zote. Sasa binti akisema "mama" ni yule aliyemlea, basi, mwingine ni "aliyenizaa".

Kilichonitesa siku tatu nzima ni kabati. Mlezi ni mkomunisti, afisa anakuja kukagua nyumba kabla ya kumpa mtoto, anaingiwa na hofu anaficha vitabu vya Marx, Engels na Lenin kwenye lile kabati lao lenye joto la tangi la maji moto, wanakoweka nguo zilizofuliwa zimalizike kukauka. Sisi hatuna kitu hicho. Nimeandika "kabati la mashuka", maana hata huku cha siri kinalala chini ya mashuka.

Jumapili tukasoma kwa sauti, dada binti, mimi mlezi, shangazi mzazi. Dada alipofika pale mtoto kazaliwa kwa kuvutwa na koleo, shavu limechanika, kalala miezi minne kwenye kitanda cha kioo na mlezi anatoka Glasgow kwenda kumchungulia, hataki apewe mtoto mwingine, alinyamaza kidogo ndo akaendelea.

Shangazi akanisimamisha kwenye karatasi za kukubali mtoto achukuliwe. Nilikuwa nimeandika "nikatia saini". Akasema, mwanangu, mtu wa hali hiyo hasemi hivyo. Nikarudi kwenye Kiingereza, kumbe kweli, hasemi alisaini, anasema jina lake limesainiwa, kama vile mkono haukuwa wake. Nimeandika "jina langu likatiwa saini" kwa nyekundu.

Kesho sehemu ya pili, pale mtoto anaambiwa huyu siye aliyekuzaa, anaogopa mama atayeyuka. Hapo binti anaongea Kiskoti cha mtaani kabisa, ya shule kaweka pembeni, kwa hiyo Kiswahili changu sanifu hakitafaa, itabidi nikae na watoto wa jirani niwasikilize wanavyoongea.