Embe la Kitonga

Leo natoka Iringa kuja Dar. Tunashuka mlima Kitonga, kona moja kali, embe likachomoka kwenye kikapu cha mama aliyekaa mbele yangu.

Basi likakata kushoto. Embe likabiringika kulia mpaka ukutani.

"Limesukumwa nje hilo," akasema konda.

Kijana mmoja wa kidato cha tano akabisha. Nani kalisukuma? Embe limeendelea na njia yake iliyonyooka, lililopinda ni basi! Nguvu halisi, anasema, inavuta kuelekea ndani ya kona, na inatoka kwenye msuguano wa matairi na lami. Ile ya "kutupwa nje" tunaiona sisi tu tuliomo ndani, kwa kuwa tunapinda pamoja na basi.

Akaongeza: mwendo ukiwa mara mbili, kona ileile inadai nguvu mara nne.

Mara nne! Basi zima kimya, macho yote kwa dereva.

Konda hakukubali: "Mbona bega langu linabanwa dirishani?"

(Mimi naona dirisha ndilo lililokuwa linamsukuma yeye ndani, ila nilinyamaza.)

Mama alitaka embe lake tu.

Walimu wa fizikia mliomo humu, mngemjibuje konda?