Sauti ya wembe gizani
Jana usiku nilitazama Amer, filamu ya mwaka 2009 ya Hélène Cattet na Bruno Forzani iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, na hadi asubuhi hii bado nausikia mlio wa glavu nyeusi za ngozi zikikunjwa. Filamu hii inafuata mtindo wa giallo, yaani “njano”, jina ambalo Waitalia walizipa hadithi za uhalifu kutokana na majalada ya njano ya vitabu ambavyo kampuni ya uchapishaji ya Mondadori ilianza kuvichapisha mwaka 1929. Maneno ni machache mno. Ana, mhusika mkuu, akiwa mtu mzima, anarudi katika jumba la familia yake kando ya bahari, na safari yake ndani ya teksi, yenye jasho, upepo na kiti cha ngozi kinacholia, inajaa ashiki na hofu kwa pamoja ingawa karibu hakuna linalosemwa. Muziki wake umechukuliwa kutoka filamu za zamani za Kiitalia, ukiwamo wa watunzi Morricone na Cipriani. Wembe ulipojitokeza nilifumba macho, lakini sauti yake ilinifuata humo humo gizani.