Siku moja nyuma ya kaunta ya posta kijijini

Saa moja na nusu asubuhi. Masika, ukungu umelala juu ya misindano, na baridi ya Njombe inauma vidole. Nafungua kufuli mbili. Ubaoni, chini ya rangi mpya, bado yanasomeka maneno Posta na Simu, ya kabla shirika halijatenganishwa mwaka 1994. Kabla hata ya kufagia nashika muhuri wa tarehe: natoa vitarakimu vya chuma kwa kucha, nabadilisha siku, nagonga mara mbili kwenye karatasi chakavu niuone wino. Tarehe hiyo ndiyo shahidi wa mtu kwamba rufaa au ombi lake la kazi lilitumwa ndani ya muda.

Saa mbili nafungua dirisha. Stempu, bahasha, mwalimu kachukua barua za shule.

Watu wa mjini huniuliza nani anaandika barua siku hizi. Salamu zimehamia kwenye simu, ni kweli. Zilizobaki ni zile nzito: mafao, vyeti, hati, barua za kuitwa kazini. Sanduku moja la shule ya msingi hapa linapokea barua za walimu, za wazazi, hata za vijana waliomaliza miaka mingi iliyopita. Nyumba zetu zilibandikwa namba kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022, lakini mtu wa huku ukimuuliza anwani atakutajia S.L.P.

Gari la barua hufika saa nne. Leo tope limelishika mlimani, likaingia saa saba na nusu. Nikakagua lakiri, nikapima mfuko, nikasaini. Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja tangu saa tatu, akingoja barua ya rejista. Ilikuwemo. Ila bahasha ina jina lake la ubatizo na la ukoo. Kitambulisho kina jina lake la nyumbani na la baba yake.

"Binti yangu, wewe unanijua. Viazi vyangu unavila."

Namjua. Mwaka jana nilikuwa msibani kwake tulipomzika mwanawe, na nje ya bahasha nilishaona kwamba ni habari ya mafao ya huyo mwana.

"Baba, nakufahamu sana. Lakini majina hayafanani. Nikikupa hivi hivi, kesho atakuja mwingine na maneno hayo hayo kuchukua barua isiyo yake, labda hii hii yako."

Akapiga kaunta kwa kiganja. Akasema miaka yote hii hajawahi kudhalilishwa hivi, na kwamba posta yenyewe heri ifungwe tu. Watu sita kwenye foleni wakanyamaza. Neno hilo liliniingia, maana naliogopa kila mwezi ninapopeleka hesabu. Nikamwandikia kwenye karatasi anachohitaji: barua ya mtendaji wa kijiji, majina yote mawili, muhuri. Nikampigia mtendaji kwa simu yangu, yuko kikaoni. Nikapiga tena. Mzee akaondoka bila kuaga, mvua ikianza.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Umeme ulikatika, nikaandika stakabadhi kwa mkono. Chai niliyomimina asubuhi niliikuta imeganda utando. Kufunga hesabu, shilingi 500 hazionekani. Nikahesabu mara tatu mpaka nikaikuta stakabadhi imenasa kwenye kurasa za daftari. Kisha nikajaza idadi ya leo: vitu 23 kupokea na kutuma. Kwa namba hizo wakubwa hupima kama kaunta hii ibaki. Fomu haina nafasi ya kueleza barua ilikuwa ya nani.

Nilikuwa nimeshafunga kufuli ya kwanza alipotokea mzee, amelowa mpaka magotini. Barua ya mtendaji ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, kifuani, chini ya koti. Kavu kabisa. Nikafungua tena. Akasaini polepole, akanirudishia bahasha.

"Nisomee, mwanangu. Miwani iko nyumbani."

Nikamsomea tumesimama, kwa tochi ya simu. Wanataka cheti halisi cha kifo, kitumwe kwa rejista.

Akakaa kimya kidogo. "Basi kesho nakileta hapa."

"Kilete asubuhi, baba, gari halijapita."